Pingili Mbili za Juu: Shingo, Kairopraktiki na Mkono Usio na Haraka

Video ile imeshafika Lamu, tena imefika mpaka kwenye simu za wazee. Mgonjwa amelala chali. Tabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili kwa mikono, amekishika kichwa kwa mikono miwili, anakilaza huku, anakilaza kule, kisha kwa ghafla anakizungusha na shingo inaalika. Mgonjwa anafumbua macho yenye machozi, anasema kichwa kilichomsumbua miaka mingi kimepoa. Maelezo yanadai kwamba mfupa wa juu kabisa wa shingo, uitwao atlasi, ulikuwa umehama mahali pake, na kwamba ukirudishwa huondoka nao kipandauso, kizunguzungu, presha, hata kukosa usingizi. Barazani watu wanaulizana nauli ya Nairobi ni kiasi gani, wakamtafute tabibu wa namna hiyo. Wengine hawana subira hiyo. Wanamwomba kinyozi, akimaliza kunyoa, awaalishe shingo papo hapo kwenye kiti.

Hapo kwenye kiti cha kinyozi ndipo ninapoingiwa na hofu, na ndipo makala haya yalipotokea. Dai la video lina chembe ya kweli kuhusu tiba ya mikono, limebeba nadharia kongwe isiyosimama, na limenyamazia hatari ambayo ni nadra lakini ikitokea haina mchezo. Mkaazi wa kisiwani ana sababu zaidi ya kuyajua haya kabla hajamkabidhi mtu kichwa chake.

Tuanze na maumbile, maana bila hayo mengine hayaeleweki. Shingo ya binadamu ina pingili saba. (Twiga naye ana saba, ila zake ni ndefu.) Pingili tano za chini zinafanana: kila moja ina kipande kizito upande wa mbele kinachobeba uzito, na baina ya moja na nyingine kuna diski laini. Mbili za juu ni za aina yake. Ya kwanza, atlasi, ni pete tupu. Kile kipande kizito cha mbele haina kabisa, na fuvu limekaa juu ya vikalio viwili vya pembeni mwa pete hiyo. Ya pili, aksisi, imeota jino la mfupa linalosimama wima na kupenya ndani ya pete kutokea chini. Ukitaka kuona kazi yake, utazame mlango wa kale wa Amu: ubao hauna bawaba, una ncha ya mti juu na chini, na ncha hiyo huzunguka ndani ya tundu la kizingiti. Kwenye shingo ncha imetulia, tundu ndilo linalozunguka.

Kinacholizuia jino lile lisirudi nyuma na kuubana ugwemgongo, yaani ile kamba nene ya neva inayoshuka kutoka ubongoni, ni kano moja nene inayolipita kwa nyuma. Diski hakuna hapo, si baina ya fuvu na atlasi wala baina ya atlasi na aksisi. Kila kitu kimeachwa huru ili kichwa kizunguke. Unapoinamisha kichwa kuitikia, unatumia zaidi kiungo cha fuvu na atlasi. Unapomaliza sala ukatoa salamu, uso ukaenda kulia kisha kushoto, karibu nusu ya mzunguko huo inafanywa na atlasi peke yake ikilizunguka jino la aksisi. Nusu nyingine hugawanwa na pingili zote zilizobaki. Ni kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote vya uti wa mgongo, na kwa hivyo usalama wake umeachiwa kano na misuli.

Sasa mshipa wa damu. Kuna ateri mbili, moja kila upande, zinazopanda kutoka chini ya shingo na kupita ndani ya matundu ya pembeni ya pingili, kuanzia ya sita hadi ya kwanza. Zikifika kwenye atlasi hazinyooki. Hupinda kona kali kwenda nyuma, zikalala juu ya upinde wa pete, kisha huingia fuvuni kupitia tundu kubwa la chini, ambako huungana zikawa mshipa mmoja. Mshipa huo ndio unaolisha shina la ubongo, linaloendesha pumzi na kumeza. Ubongo mdogo, unaotuweka wima tunapotembea. Na sehemu ya nyuma ya ubongo inayotuwezesha kuona. Ukigeuza kichwa mno upande mmoja, ateri ya upande wa pili huvutika. Kwa kawaida haidhuriki, kwa sababu imeumbwa na ulegevu wa kutosha pale pale kwenye kona.

Kairopraktiki yenyewe ilizaliwa mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. D. D. Palmer, mzaliwa wa Kanada, alikuwa akitibu watu kwa alichokiita nguvu za sumaku. Alikutana na Harvey Lillard, mtumishi wa usafi katika jengo lile lile, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Palmer alidai kuona pingili iliyotokeza mgongoni mwake, akaisukuma, na kusikia kukarudi. Kutokana na kisa hicho alijenga nadharia nzima: kwamba takriban maradhi yote hutokana na pingili zilizosogea kidogo zikaminya neva. Miaka miwili baadaye akafungua shule. Mwanawe, B. J. Palmer, ndiye aliyeipeleka mbali zaidi. Katika miaka ya 1930 alifundisha kwamba mahali pa kurekebisha ni pale juu tu, atlasi na aksisi, na mengine yatajipanga yenyewe. Video za leo zinasema maneno ya mtoto huyo.

Kisa cha Lillard kina tatizo ambalo halihitaji mashine kulionyesha. Neva ya kusikia haipiti mgongoni wala shingoni. Inatoka sikioni na kuingia moja kwa moja kwenye shina la ubongo, yote ndani ya fuvu. Kuhusu ule usogeo mdogo unaosemwa, wenye kupima kwa eksirei hukuta atlasi za watu wazima wa afya njema nazo haziko sawasawa kulia na kushoto, na kipimo hubadilika kichwa kikiegemea kidogo tu wakati wa kupigwa picha. Matabibu wengi wa kairopraktiki wa leo wameshaliacha dai hilo la maradhi yote na kubaki na maumivu ya mgongo na shingo. Lazima tuwatendee haki kwa hilo.

Atlasi inapohama kweli, mambo huwa mengine kabisa. Mwaka 1920 daktari Mwingereza, Geoffrey Jefferson, alieleza jinsi pete hiyo inavyovunjika vipande nguvu ikija kutoka utosini. Hapa kwetu nguvu hiyo tunaijua. Ni mtoto anayejitosa kichwa mbele kutoka gatini maji yakiwa yamekupwa, akakuta mchanga karibu kuliko alivyodhani. Ni mkwezi aliyeteleza juu ya mnazi. Huyo asigeuzwe wala kukalishwa, na asipandishwe punda. Kama yuko majini, ageuzwe chali polepole, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja, aachwe aelee huku mtu amemshika kichwa pande zote mbili mpaka upatikane ubao mpana wa kumlaza. Mkono wa kumnyoosha usimkaribie, hata uwe wa fundi gani.

Kuna na wengine ambao kano ile ya nyuma ya jino inaweza kuwa imelegea bila ajali yoyote. Baridi yabisi ya muda mrefu, ile inayovimbisha na kupinda vidole, huweza kuila. Baadhi ya watoto waliozaliwa na hali ya Down huwa na ulegevu fulani hapo, ingawa wanaopata dalili ni wachache. Kifua kikuu nacho huingia mifupani, na ingawa hupendelea zaidi mgongo wa kati, shingo haijasalimika. Shingo inayouma usiku na mchana, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, ipelekwe hospitali. Kukanda kunachelewesha tu.

Na ule mlio? Wengi wanauchukua kuwa ndiyo ushahidi: umesikia mwenyewe, mfupa umeingia! Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vikaalika ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, na kutazama kinachotokea. Nyuso mbili za kiungo zilipoachana kwa ghafla, uwazi wa gesi ulitokea ndani ya ute wa kiungo, na mlio ukaja wakati ule ule. Hakuna mfupa uliorudi mahali, kwa sababu hakuna uliokuwa umetoka. Vidole vyako ukivialisha asubuhi vinalia hivyo hivyo, na hujawahi kudhani vilikuwa vimeteguka.

Lakini mtu anatoka pale anajisikia vizuri, na hilo si uongo. Mikono ya mtu mwingine juu ya misuli iliyokaza hutuliza, na kiungo kikitikiswa neva hutulia kwa muda. Tazama shingo zinazouma Lamu ni za nani. Kuna mshona kofia za vito, anayeinamia kitambaa kuanzia asubuhi, tundu baada ya tundu, kidevu kikikaribia kifua. Kuna wachongaji wa milango. Kuna wachukuzi wanaoshusha mashua za mawe yaliyotoka Maweni, jiwe begani na shingo imepindishwa kulipisha. Kichwa chenyewe kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, na ukikiinamisha, misuli ya kikosini ndiyo inayokizuia kisianguke kwa saa zote hizo. Ni misuli hiyo inayouma, na maumivu hupanda kutoka kisogoni hadi juu ya jicho, mtu akadhani ni kipandauso.

Kwa maumivu ya namna hii tiba ya mikono imepimwa, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya nishike msimamo nilio nao. Mwaka 2010 huko Sydney, watu 182 wenye maumivu mapya ya shingo waligawanywa: wengine walizungushwa shingo kwa ghafla mpaka ikaalika, wengine wakasogezwa viungo polepole bila mshtuko. Muda wa kupona ulikuwa karibu sawa. Mwaka 2012 ukachapishwa utafiti wa Marekani wa watu 272. Waliotibiwa kwa mikono walipata nafuu zaidi ya waliopewa dawa tu. Lakini waliofundishwa mazoezi ya nyumbani katika vikao viwili walipata nafuu karibu sawa na wao. Soma tena hapo. Mazoezi ambayo hayana gharama, yanayofanywa kwenye daka la nyumba yako mwenyewe, yalikwenda bega kwa bega na mikono ya tabibu.

Dai la presha lina chanzo chake pia. Mwaka 2007 huko Chicago, wagonjwa 50 wa presha walishiriki katika jaribio la wiki 8, na waliorekebishwa atlasi kwa mguso mwepesi presha yao ilishuka kwa kiasi cha kushangaza. Ni jaribio moja dogo la muda mfupi, na tiba ya presha haijajengwa juu yake. Nasema hivi kwa uzito: mwenye vidonge vya presha asiviache hata siku moja kwa ajili ya video.

Nimemwona mkandaji mmoja mzee hapa mjini, mafuta ya nazi mkononi, akimhudumia kijana mchukuzi. Alianza mabegani, akashuka katikati ya mabawa ya mgongo, akapanda kikosini kwa vidole gumba, akakaa hapo muda mrefu. Kijana akasema, "Ami, nialishe na shingo kabisa nimalize." Mzee hakuinua hata macho. "Shingo haialishwi, mwanangu. Tulia." Akaendelea kukanda. Sidhani amewahi kusikia habari ya Sydney, lakini mkono wake ulikuwa upande wa matokeo yale.

Hatari yenyewe ni hii. Ukuta wa ndani wa ateri ile, pale kwenye kona ya atlasi, unaweza kuchanika. Damu huingia kati ya tabaka za ukuta, bonge huganda, na kipande kikichukuliwa na mkondo hadi ubongoni, mtu hupata kiharusi. Kuchanika kwa ateri hizo, ukihesabu sababu zote, humpata takriban mtu 1 katika watu 100,000 kwa mwaka. Ajali ya gari huweza kuleta mchaniko huo, kikohozi kikali pia, na mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Kinachouma zaidi ni kwamba hupata vijana na watu wa makamo, ambao hakuna anayetarajia wapate kiharusi.

Je, kuzungusha shingo ndiko kunakoleta? Hapa wataalamu hawajafunga mjadala, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Dalili ya kwanza ya ateri iliyochanika mara nyingi ni maumivu ya shingo yenyewe. Kwa hiyo mtu huumwa, humwendea tabibu wa shingo, huzungushwa, kisha kiharusi kinatokea. Ateri ilichanwa na mkono, au ilikuwa imeshachanika na ndiyo iliyompeleka kwa tabibu? Utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2008 ulikuta kwamba wagonjwa vijana wa kiharusi cha aina hii walikuwa wamemtembelea tabibu wa kairopraktiki kabla yake mara nyingi kuliko watu wasio na kiharusi, lakini uhusiano wa kiwango kinachokaribiana ulionekana pia kwa waliomtembelea daktari wa kawaida. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa kauli mwaka 2014: uhusiano upo, kwamba mkono ndio chanzo haijathibitika, na mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kuzungushwa shingo.

Mimi nalitazama hivi. Hata ateri ikiwa ilikuwa imeshachanika kabla, kuizungusha kwa nguvu ndilo jambo la mwisho unalotaka lifanyiwe. Na ikiwa njia ya polepole inaleta nafuu ile ile, basi mshtuko ule unaniongezea nini zaidi ya mlio? Hesabu hii kwetu ni nzito kuliko ilivyo Sydney. Dawa ya kuyeyusha bonge la kiharusi hutolewa ndani ya muda wa saa 4.5 tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ndani ya kichwa (CT) kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Kwa mtu wa Kizingitini au Kiunga, muda huo unayoyoma boti haijapata petroli. Hatari ile ile, ikitua mahali palipo mbali na hospitali kubwa, huwa hatari kubwa zaidi.

Simkatazi mtu kwenda kwa tabibu wa kairopraktiki aliyesomea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mafunzo kamili ya kazi hiyo yasipungue saa 4,200, na katika hizo 1,000 ziwe za kutibu chini ya usimamizi. Afrika Kusini kozi hiyo hufundishwa vyuo vikuu vya Johannesburg na Durban. Aliyesoma hivyo atakuuliza maswali mengi kabla hajakugusa: umeanguka, una baridi yabisi, unatumia dawa za kulainisha damu, maumivu yalianza lini na vipi. Mwulize nawe kama anaweza kukutibu bila kuizungusha shingo kwa ghafla. Anaweza, njia hizo zipo na amefundishwa. Akikutaka ulipie mapema vikao vingi vya kurudisha atlasi, au akuahidi kuondoa presha, hapo pana biashara kuliko tiba. Karibu zaidi na sisi kuna wataalamu wa fiziotherapia, ambao Kenya wamewekewa sheria yao tangu mwaka 2014 na husajiliwa. Waulizeni hospitalini.

Mazoezi yale ya utafiti wa 2012 hayakuwa na siri. Ni kurudisha kidevu nyuma taratibu bila kukiinua, kugeuza uso kulia na kushoto mpaka pale panapoanza kukaza tu, kulaza sikio upande wa bega, na kuvuta mabega nyuma. Kila moja mara 5 hadi 10, na kurudia mara 6 hadi 8 kwa siku. Ukiwa unashona kofia, tundu likikamilika inua kichwa. Mchukuzi naye abadilishe bega kabla halijachoka.

Kinyozi asiguse. Si kwa ubaya wake. Hana njia ya kujua ni shingo gani iliyomkalia kwenye kiti.

Na kama umeshazungushwa, au hujazungushwa lakini yamekupata maumivu mapya ya kisogo au ya upande mmoja wa shingo usiyowahi kuyaona mfano wake, jiangalie. Kizunguzungu cha kuyumba, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, uso kufa ganzi, kope moja kulegea, mkono au mguu kukosa nguvu: hata moja ya hizo ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile, usiku au mchana, bila kungoja ipoe. Ukifika, sema waziwazi kwamba shingo ilizungushwa, na siku gani. Kijana wa miaka thelathini akiingia akiyumba na kutapika, ni rahisi mtu kufikiria malaria au chakula kibovu. Habari hiyo moja ndiyo itakayomfanya daktari aifikirie ateri ya shingo.